Sura ya Sita: Kuifuata Siri ya Mabingwa wa Kale

Giorgio Vasari, mchoraji na msimulizi wa maisha ya wachoraji wa Italia, alichapisha kitabu chake mwaka 1550, na ndani yake akaingiza kisa kimoja ambacho kimewafungisha watu wengi safari. Alisimulia kwamba Antonello wa Messina, kijana wa Sicily, aliona huko Naples picha ya rangi ya mafuta iliyochorwa na Jan van Eyck. Ilimshangaza kwa mng'aro wake. Akaacha shughuli zake, akaenda mpaka Flanders, nchi ambayo leo sehemu yake kubwa imo Ubelgiji, akamzoea mzee yule kwa zawadi na heshima mpaka akafunuliwa siri ya mafuta. Akarudi nayo Venice, na uchoraji wa Venice haukuwa kama zamani tena.

Kisa kitamu, ila hakisimami. Van Eyck alifariki mwaka 1441, na wakati huo Antonello alikuwa bado mtoto. Mafuta nayo hayakuwa siri ya mtu. Mtawa aliyejiita Theophilus alikwisha kueleza namna ya kuyasagia rangi mwanzoni mwa karne ya 12, na mwaka 2008 watafiti walitangaza kwamba wamekuta rangi zenye mafuta kwenye kuta za mapango ya Bamiyan, Afghanistan, zilizopakwa karne ya 7 hivi. Ni kweli Antonello alifika Venice, akafanya kazi huko mwaka 1475 na 1476, na wachoraji wa mji ule waliziangalia picha zake kwa makini. Lakini inaelekea aliujifunza ufundi huo Naples kwenyewe, kwa mwalimu wake Colantonio, katika mji ambao wafalme wake walipenda na kununua picha za Flanders.

Kisa kimekufa, tamaa yake ingali hai. Kila mwaka vijana kutoka Marekani, Ulaya, Asia na hata Afrika hukusanya akiba, hukopa, huomba viza, wakaenda kukaa Florence au Madrid au Paris miezi au miaka kadhaa, wakiamini kwamba kuna jambo mabingwa wa kale walilijua, likapotea, na kwamba kule bado lipo mahali fulani linamngoja mwenye subira. Wengi hurudi na ujuzi wa kweli. Ni nadra uwe ule waliouendea.

Hasara ya kuiwinda siri yenyewe ilionekana vizuri zaidi London. Sir Joshua Reynolds, rais wa kwanza wa chuo cha kifalme cha sanaa cha Uingereza, alikwenda Italia mwaka 1749, akakaa Roma miaka miwili akichora na kuandika alichokiona. Alirudi akiwa mchoraji mwingine. Ila alirudi pia na shauku ya kujua Titian, bingwa wa Venice, alichanganya nini na nini, na shauku hiyo haikumwacha maisha yake yote. Alijaribu nta, mayai, vanishi za kila aina na lami ya kuchorea, akipaka tabaka moja juu ya jingine lisilopatana nalo. Wekundu aliopenda kuutia kwenye mashavu ya waheshimiwa ulikuwa wa kupauka. Baadhi ya wateja waliona sura zao zikigeuka nyeupe ukutani ilhali wao wenyewe wangali na afya njema. Leo picha zake nyingi zina nyufa kama tope lililokauka, na mafundi wa kuhifadhi picha huzishika kwa hofu.

Miaka mitano baada ya kifo cha Reynolds ilizuka kashfa kubwa zaidi. Mwaka 1797 mzee mmoja, Thomas Provis, na binti yake Ann Jemima walidai kuwa wana nakala ya hati ya kale yenye siri ya uchoraji wa Venice. Mrithi wa Reynolds kwenye kiti cha urais, Mmarekani Benjamin West, aliijaribu njia hiyo. Wanachama kadhaa wa chuo wakatoa gini 10 kila mmoja ili waelekezwe, kwa sharti la kutomwambia mtu. Binti Provis aliwaonyesha: turubai iwe na msingi mweusi unaofyonza mafuta, na vivuli vitengenezwe kwa mchanganyiko maalumu uliopewa jina la Titian mwenyewe. Katika mchanganyiko huo mlikuwa na buluu ya Prussia, rangi iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18. Titian alifariki mwaka 1576.

Picha zilizochorwa kwa siri hiyo zilitoka zimefifia, na magazeti yakawacheka. Mchora vibonzo James Gillray alitoa karatasi nzima ya kuwakejeli wakubwa wale mwaka huohuo. Walifanya kama mtu anayenunua daftari la mapishi kisha akakaa mezani kungoja pilau. Wazee wenye vyeo, walimu wa wengine, waliamini kwamba karatasi ingewapa kile ambacho mikono ya Titian ilikipata kwa zaidi ya miaka 60 ya kazi.

Waliofaidika na safari ni waliokwenda kufanya kazi.

Peter Paul Rubens aliondoka Antwerp mwaka 1600, akiwa na miaka 22, akaajiriwa na mtawala wa Mantua, Vincenzo Gonzaga. Alikaa Italia miaka 8. Ajira yenyewe haikuwa ya kifahari muda wote. Mwaka 1603 alitumwa Hispania kumpelekea mfalme zawadi, zikiwamo picha, na mvua zikaziharibu njiani hata ikambidi azitengeneze na kuchora nyingine ya kufidia. Lakini kila alikopita alinakili: sanamu za Warumi, Michelangelo, Raphael, Titian. Kwake kunakili kulikuwa namna ya kusoma.

Jambo la kushangaza ni kwamba hakuacha alipokuwa mkubwa. Aliporudi Madrid mwaka 1628 alikuwa na umri wa miaka 51, tajiri, balozi, mchoraji aliyetafutwa na wafalme. Na bado alikaa miezi ile akinakili picha za Titian zilizokuwa katika kasri la mfalme Philip wa Nne, moja baada ya nyingine. Mojawapo ni ile ya Adamu na Hawa. Bahati nzuri ni kwamba ya Titian na ya Rubens zote mbili zimo katika jumba la sanaa la Prado, Madrid, na mtu anaweza kuzilinganisha kwa macho yake. Mti ni ule ule, mtoto mwenye mkia wa nyoka ni yule yule, Hawa ananyoosha mkono vile vile. Lakini Adamu wa Rubens ana mkao mwingine na misuli minene zaidi, rangi ya ngozi imechangamka, na kwenye tawi ametua kasuku ambaye Titian hakumchora. Mwanafunzi anayesimama mbele ya picha hizi mbili huona bingwa akibishana na bingwa kwa brashi.

Katika kasri hilo alikuwamo mchoraji wa mfalme, Diego Velázquez, kijana wa miaka 29. Aliona mgeni mashuhuri akijishughulisha kama mwanagenzi. Agosti 1629, miezi michache tu baada ya Rubens kuondoka, Velázquez alipewa ruhusa na mfalme, naye akapanda meli kwenda Italia, ambako alikaa mpaka mwanzoni mwa 1631. Ukiziangalia picha zake za kabla na za baada, hewa imeingia ndani yake. Watu wana nafasi ya kusogea.

Prado ina ushahidi mwingine wa kazi ya bega kwa bega. Kwa miaka mingi palikuwa na nakala ya Mona Lisa yenye mandhari nyeusi tii, ambayo watu waliipita bila kuitazama sana. Mwaka 2012 jumba hilo lilitangaza kwamba weusi ule ulipakwa baadaye; ulipoondolewa, milima na njia zikajitokeza nyuma ya yule mama. Picha za mionzi ya infraredi zikaonyesha jambo zito zaidi: masahihisho aliyoyafanya Leonardo chini ya rangi katika picha yake yamefanywa pia katika nakala. Yaani mwanafunzi alikuwa anachora wakati uleule, karakana ileile, akibadilisha kila mwalimu alipobadilisha. Jina lake halijulikani kwa hakika. Lakini hakuna mfano bora wa maana ya kukaa na bingwa.

Kama kweli kuna mtu aliyeziandika siri zote, ni Cennino Cennini, mzaliwa wa Colle di Val d'Elsa karibu na Florence, aliyeandika kitabu cha ufundi mnamo mwaka 1400. Cennini alikaa miaka 12 kwa Agnolo Gaddi. Agnolo alifundishwa na baba yake, Taddeo, na Taddeo alikaa kwa Giotto miaka 24. Cennini hakuficha kitu. Anaeleza gundi inavyochemshwa, karatasi inavyotiwa rangi, ndevu zinavyochorwa. Ratiba yake ndiyo inayowatisha wasomaji: mwaka 1 wa kuchora tu, kisha miaka 6 ya kusaga rangi, kuchemsha gundi na kupaka mbao jasi, kisha miaka 6 mingine ya kupaka rangi, kutia dhahabu na kufanya kazi za ukutani. Jumla miaka 13, na anasisitiza kwamba mtu achore kila siku, sikukuu na siku za kazi.

Kozi nyingi fupi za Florence leo huanza na rangi ya mayai, na ni vizuri kuitazama kwa karibu. Yai huvunjwa, ute mweupe ukaachwa uchuruzike. Kiini huviringishwa taratibu kutoka kiganja hadi kiganja, kila mara mkono mmoja ukifutwa, mpaka ngozi yake ikauke kidogo. Kisha hubanwa kwa vidole viwili, kikaning'inizwa juu ya kikombe na kutobolewa kwa ncha ya kisu. Kinachodondoka ndicho gundi ya rangi, ngozi hutupwa. Huongezwa maji, kisha rangi ya unga iliyosagwa kwenye jiwe. Inakauka upesi mno, hivyo huwezi kuipaka kwa mapana na kuilainisha. Unachora mistari myembamba, maelfu kwa maelfu, ikipishana mpaka shavu lipate mviringo. Chini ya shavu hilo pametangulia udongo wa kijani, ndiyo maana Mabikira wengi wa kale ambao wekundu wao umechakaa wanaonekana kama wagonjwa.

Cennini ana shauri ambalo wanafunzi hulicheka kwanza, kisha wakalijaribu. Kwa sura za vijana, asema, tumia kiini cha yai la kuku wa mjini, kwa kuwa kimepauka. Kwa wazee na watu weusi-weusi tumia la kuku wa shamba, ambalo kiini chake ni chekundu zaidi. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anayejua tofauti ya yai la kienyeji na la kisasa hahitaji kuelezwa zaidi. Dhahabu nayo, ikishabandikwa, ilisuguliwa kwa jiwe au kwa jino la mnyama anayekula nyama: mbwa, mbwamwitu, hata simba. Na ubao wenyewe, kabla ya yote hayo, ulipakwa jasi laini mara 8 au zaidi.

Hapo ndipo wengi hutambua kwa nini waliambiwa waje. Maelezo haya yamo vitabuni na yametafsiriwa kwa lugha nyingi. Lakini kujua jasi imekauka kiasi gani kabla ya koti linalofuata, au chokaa ya ukutani imefika saa yake ya kupokea rangi, ni jambo la kidole. Katika fresko rangi hupakwa juu ya lipu mbichi, na chokaa inapokauka huifunga ndani kama jiwe. Ukiwahi, inachafuka, ukichelewa, haishiki, itapukutika. Mchoraji hupaka lipu ya kazi ya siku moja tu, na mwenye jicho lililozoea huweza kuhesabu siku hizo kwa kufuata viungo vya lipu kwenye ukuta. Fundi wa chokaa wa Lamu au Unguja angeelewa somo hili upesi kuliko mhitimu wa chuo cha sanaa. Tena picha za ukutani hazisafiri. Anayetaka kuona alivyofanya kazi mwalimu wa Cennini hana budi kwenda kanisa la Santa Croce, Florence, ainue kichwa pale nyuma ya madhabahu.

Sasa kuna jambo ambalo matangazo ya shule hizi hayalisemi kwa sauti. Sehemu kubwa ya kinachofundishwa Florence kwa jina la mabingwa wa kale si cha Florence, wala si cha kale kiasi hicho. Mwaka 1983 Wamarekani wawili, Charles Cecil na Daniel Graves, walifungua studio mjini humo. Mwaka 1991 Graves akaanzisha Florence Academy of Art, na Cecil akaendelea na shule yake katika mtaa wa Borgo San Frediano. Cecil alifundishwa na R. H. Ives Gammell wa Boston, aliyefundishwa na William Paxton, aliyefundishwa Paris na Jean-Léon Gérôme. Florence nayo ilikuwa na Nerina Simi, mwalimu aliyefundisha kwa miongo mingi, na baba yake, Filadelfo, alikuwa pia mwanafunzi wa Gérôme. Ukiufuata mnyororo unafika Paris ya karne ya 19, haufiki kwa Leonardo.

Hata zana zake ni za huko. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika shule nyingi za aina hii hunakili kwa mkaa au penseli michoro ya Charles Bargue, iliyotolewa Paris kati ya 1866 na 1871 kwa ushirikiano na Gérôme huyo huyo. Van Gogh, ambaye hakuna anayemwita mwanafunzi wa kale, aliinakili alipoanza kuchora na akairudia mwaka wa mwisho wa maisha yake. Baadaye wanafunzi hupewa sanamu ya plasta, kisha mtu wa kukaa mbele yao. Stendi ya kuchorea huwekwa kando ya anayechorwa, mwanafunzi akarudi nyuma hatua kadhaa, akatazama vyote viwili kwa ukubwa mmoja, akapima kwa uzi wenye timazi, akasogea kuweka alama moja, akarudi tena. Mwanga hutoka dirisha la kaskazini ili usibadilike jua linapozunguka. Mchoro mmoja huweza kula wiki kadhaa. Kozi kamili katika chuo cha Graves ni ya miaka mitatu.

Je, huo ni udanganyifu? La. Anayemaliza hutoka na jicho kali ambalo vyuo vingi vya sanaa vya leo havimpi, na mikono isiyobahatisha. Ila aliyedhani amejifunza ya Titian amejifunza ya Gérôme, na ni afadhali ajue.

Ya Titian yamejulikana zaidi kwenye maabara. Mafundi wa kemia hukata chembe ya rangi ndogo kuliko kichwa cha pini, wakaitazama ubavuni kwa darubini na kuhesabu matabaka. Kwa njia ya namna hiyo Richard Jacobi, akifanya kazi Munich, aligundua mwaka 1941 kwamba njano iliyotumiwa na mabingwa kwa karne nyingi ilikuwa ya risasi na bati. Wachoraji walikuwa wameiacha katikati ya karne ya 18, wakaisahau kabisa. Siri moja ya kweli ilikuwapo basi, na aliyeifichua hakuwa mchoraji.

Afrika Mashariki imewahi kubishana juu ya safari hizi. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, alisomea chuo cha sanaa cha Slade, London, lakini hakutaka wanafunzi wake wawe nakala za Ulaya. Aliwasimulia hadithi, wakachora walivyoiona wenyewe akilini. Mwanafunzi wake Sam Ntiro, Mchaga wa Kilimanjaro, naye alikwenda Slade mwanzoni mwa miaka ya 1950, na baadaye akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika mjini London. Aliendelea kuchora migomba, mavuno na watu wa kwao kwa namna yake ileile. Elimo Njau, aliyechora maisha ya Kristo katika mandhari ya Kiafrika kwenye kuta za kanisa la Murang'a, alikwenda mbali zaidi. Kauli aliyoifanya kuwa msimamo wa kituo chake cha Paa ya Paa, Nairobi, ni onyo kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Reynolds mwenyewe, pamoja na miaka yake ya Roma, aliwaonya wanafunzi kwamba kunakili picha nzima ni bidii inayodanganya, kwa kuwa mkono unashughulika na akili imelala.

Njau na Rubens hawapingani sana kama inavyoonekana. Kasuku yule juu ya tawi ni jibu la Rubens.

Kwa msomaji anayefikiria kwenda, mambo machache. Kunakili ndani ya majumba makubwa bado kunaruhusiwa. Louvre ya Paris, tangu ilipofunguliwa mwaka 1793, imewawekea wachoraji nafasi. Leo wenye kibali hufanya kazi asubuhi, jumba linawapa stendi, na nakala lazima itofautiane na picha halisi kwa ukubwa ili isije ikauzwa kama yenyewe. Prado nayo hutoa vibali. Hizo ni njia za gharama ndogo kuliko ada ya miaka mitatu. Anayetaka shule aiandikie kabla ya kulipa chochote: aulize mwalimu alifundishwa na nani, chuo kinafundisha karne ipi, wanafunzi husaga rangi wenyewe au hununua za mrija, na aombe kuona kazi za waliomaliza, si za walimu. Shule isiyojibu maswali hayo isipelekewe fedha. Na huku akingoja majibu, mayai ya kienyeji yapo sokoni, udongo mwekundu upo barabarani, na kazi ya kuchora kila siku haiombewi viza.